Kiatu Cheupe cha Kushoto

Ukitaka kumuudhi baba yangu, mwite mwanajeshi. Atakutazama juu mpaka chini, kisha atakueleza taratibu, kwa ile sauti ya kumfundisha mtoto mzito, kwamba yeye hakuwa mwanajeshi, alikuwa mwanamaji, na kwamba wanajeshi ni wale wanaolala matopeni wakaamka na siafu ndani ya suruali. Alistaafu kabla mimi sijaolewa. Nimeolewa, nimeachwa, nimerudi nyumbani Likoni na cherehani yangu na wanangu wawili, wanangu nao wamekua wameondoka, na mwanamaji yuko pale pale kwenye kiti chake barazani, anakagua nani anapita na viatu vichafu.

Haki ya Mungu, nimeishi na jeshi lile miaka mingi kuliko nilivyoishi na mume. Kitanda chake kikitandikwa, pembe za shuka lazima zikunjwe anavyotaka yeye, la sivyo anafumua kitanda kizima unasimama unatazama. Sahani zinapangwa kwa ukubwa. Soksi zake anafua mwenyewe, kwa sababu ati mwanamaji hafuliwi soksi na mwanamke. Na kipenga! Mama, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa akiitwa mezani kwa kipenga ndani ya nyumba yake mwenyewe, kula chakula alichokipika kwa mikono yake mwenyewe. Kazi ya Baba kule jeshini ilikuwa kwenye injini, chini kabisa tumboni mwa meli, kusikoonekana hata tone la bahari. Mama alimtania siku moja kwamba amekaa baharini miaka ishirini na ushee na bahari hajaiona. Baba alinuna siku tatu.

Nisidanganye, nilipokuwa mdogo niliyapenda mambo haya. Kazi yangu ilikuwa viatu. Alikuwa na viatu vyeupe vya sherehe, vya ngozi, ambavyo alitoka navyo jeshini, na mimi ndiye niliyevipaka ile dawa nyeupe ya viatu kwa mswaki mkuukuu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ulimi nje. Nikimaliza ananyanyua kiatu kimoja, anakizungusha juani, anatafuta doa. Akikosa, anasema, "Sawa, baharia." Neno hilo moja lilinitosha wiki nzima. Sasa nina miaka hamsini na mmoja, na mpaka mwaka huu nilikuwa bado napaka viatu vile vile, kwa mswaki, kwenye ngazi ile ile.

Nyuma ya ua wetu wa michongoma anakaa mzee mwingine. Huyu ni Mswahili wa hapa hapa, wa familia kongwe, mtu wa msikiti na kofia ya kutariziwa, na yeye naye ni askari mstaafu. Ila wa nchi kavu. Koplo. Alinunua kile kiwanja mwaka niliorudi mimi na cherehani yangu, na siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha, Baba akamuuliza alikuwa jeshi gani. Alipojibu, Baba akarudi ndani akamwacha amesimama.

Tangu siku hiyo ni matusi ya juu ya ua, asubuhi na jioni. Kuna watu huhesabu siku kwa kalenda, sisi tulihesabu kwa matusi. Baba anaanza: leo naona watu wa matope wameoga. Yule anajibu kutoka upande wake, bila hata kuinua kichwa kwenye bustani yake ya mchicha.

"Wewe ulikuwa abiria tu, yakhe. Unapandishwa chombo, unalishwa, unashushwa. Hata mbuzi wa sikukuu husafiri vivyo hivyo."

"Na wewe ulikuwa punda," Baba anamrudishia. "Tofauti ni kwamba punda hapigi saluti."

Wapita njia walikuwa wakicheka, wakidhani ni utani wa wazee. Haukuwa utani. Baba alinikataza hata kumwamkia yule mzee. Alisema shikamoo ya nyumba hii haivuki ule ua. Na mimi, mtu mzima, mama wa watoto, nikatii. Kila mzee wa mtaa nilimpa shikamoo yake, lakini huyu, rika la baba yangu, nilikuwa nikimwambia "Salama, jirani?" kama ninayemsalimu kondakta. Kwa watu wa pwani hilo si jambo dogo. Yeye alikuwa akiitika "Salama, mwanangu," na kupita zake.

Kitu kilichomchekesha Baba kuliko vyote kuhusu nchi kavu ni miguu. Siku moja muuza maji na mkokoteni wake alisimama pale njiani, anachechemea. Yule koplo akatoka kwake, akamkalisha kijana wa watu juu ya mtungi, akamvua ndara, akapiga magoti mavumbini na kuanza kumpekua katikati ya vidole, kimoja kimoja. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Mtazameni! Jeshi la kunusana vidole!"

Koplo hakunyanyuka. Alisema, huku bado ameushika ule mguu, kwamba kule kwao mkimaliza mwendo mnakaa chini, mnavua buti, na mkubwa wenu mwenyewe anapiga magoti mbele ya kuruta na kumtazama miguu, kwa sababu askari mwenye kidonda si askari tena, ni mzigo. Alisema yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi hiyo miaka, jioni baada ya jioni. Baba akasema hajapata kusikia aibu kubwa kama hiyo, mkubwa kumpigia magoti mdogo. Kwenye meli, alisema, hakuna anayemtazama mwenzake chini ya kifundo. Hadithi ile aliirudia kwa kila mgeni aliyekuja, na mimi niliyekuwa nikileta chai nilikuwa nikicheka pale pale pa kuchekea.

Halafu ikaja sukari. Ilimpata kama inavyowapata wengi hapa, kimyakimya, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshamla macho nusu na imeshazitia ganzi nyayo. Ungeweza kumdunga msumari asigeuke. Zahanati tulikutana na muuguzi msichana, mpole, akamwambia aache viatu vya kufunika, avae makubadhi, na kila jioni akae chini akague miguu yake, chini ya wayo na katikati ya vidole. Au mtu wa nyumbani amkagulie.

Baba alijivuta akakaa wima kwenye benchi. "Binti, mimi nilikuwa jeshi la majini. Hayo ya kukaguana vidole wapelekee nchi kavu."

Foleni nzima ilicheka. Nami nilicheka, mjinga mie.

Nyumbani nilijaribu mara moja. Nilileta beseni na maji ya vuguvugu, nikainama. Akavuta miguu chini ya kiti. "Unataka kunifanya kuruta wa nchi kavu ndani ya nyumba yangu?" Nikasema basi. Ilikuwa karibu shule zifunguliwe, nina sare arobaini za kushona, na kugombana na mwanamaji ni kazi ya siku nzima. Nikamwaga maji kwenye mgomba. Nasema haya ili ijulikane kwamba sikufungwa kamba na mtu.

Sasa, wanamaji wastaafu wa upande huu wana mkutano wao, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye uwanja wa shule. Wanavaa nguo nyeupe, wale ambao bado zinawatosha, wanasimama mstari, wanakaguana vifungo, wanapandisha bendera, halafu wanakula pilau na kusema uongo. Mwezi ule ulikuwa wa pekee. Afande kijana angekuja na mabaharia wake walio kazini kuwatazama wazee, na Baba alikuwa amechaguliwa kuipandisha bendera. Usingemtambua. Mtu aliyekuwa akilalamika kutembea mpaka dukani alianza kwenda kila jioni mpaka barabara ya feri na kurudi, amevaa vile viatu vyeupe, ati anavizoeza mguu. Alivaa soksi mbili mbili kwa sababu, alisema, viatu vimelegea. Alianza pia kujipaka poda miguuni, nyingi, chumba kizima kikanukia mtoto mchanga. Nikadhani ni majivuno tu.

Jumatano ya wiki ile, baada ya alasiri, Baba ameshatoka kwenda matembezi yake, mlango wa ua ukafunguliwa na akaingia yule koplo. Katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kukanyaga kwetu. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani natia mkono wa shati, na mteja wangu mmoja, mama mwenye ulimi mrefu, amekaa akisubiri sketi ya binti yake. Koplo alikataa kiti.

"Mwanangu, babako ana kidonda mguu wa kushoto."

"Nani kakwambia?"

"Mguu wenyewe. Namuona akipita. Wiki mbili sasa aukanyagia ubavu wa nje, na mwenyewe hajui. Mtu akiumwa atachechemea. Huyu hachechemei, apinda tu. Hicho ndicho kibaya, wallahi, kile kisichouma." Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayeogopa kufukuzwa kabla hajamaliza. "Sikiza. Mimi hii ndiyo kazi niliyoifanya. Akirudi, mkalishe hapo tu. Nitakuwa nishapiga magoti kabla hajajua ni nani. Nikitazama mara moja nitakwambia kama ni wa kwenda hospitali leo au kesho."

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Lakini mteja alikuwa ameacha kujipepea, amekaa macho kodo, na nilijua habari ya koplo wa nchi kavu kumvua viatu baba yangu kwenye baraza letu ingefika sokoni kabla ya magharibi. Nikaona uso wa Baba. Nikaona wale wazee wenzake na meno yao ya bandia. Na kusema kweli, mbali na Baba na wenzake, mimi mwenyewe nilichukia. Huyu ni nani aje atuambie habari za miguu yetu?

"Mzee," nikamwambia, "hii ni nyumba ya mwanamaji. Hapa hatukaguliwi miguu. Nenda ukakague mbuzi wako."

Akaitengeneza kofia yake kichwani, ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Haya," akasema, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake bila kishindo.

Mteja wangu akapiga makofi. "Umempasha! Kweli wewe ni mtoto wa babako." Nilifurahi, sitaki kuficha. Niliumaliza ule mkono wa shati kwa mwendo mmoja.

Baba akarudi, akavua viatu mlangoni kama kawaida, akaenda kulala kidogo. Mteja alikwisha ondoka. Nilivichukua viatu, nikakaa kwenye ngazi ya nyuma na mswaki na kopo la dawa. Kiatu cha kushoto kilikuwa na doa. Pale mbele, karibu na kidole kidogo, kwenye mshono, rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, si kubwa kuliko kifungo. Nilitia mkono ndani. Kulikuwa na unyevu. Nilivinusa vidole vyangu, vilinuka poda, na chini ya poda kulikuwa na harufu nyingine ambayo mtu yeyote aliyewahi kusahau nyama kwenye sufuria anaijua.

Nilijua. Sikujua ukubwa wake, lakini nilijua. Na Jumamosi ilikuwa imebaki siku tatu, na nilikuwa nimemfukuza mtu saa moja iliyopita mbele ya shahidi. Kumwamsha Baba na kumwambia vua soksi kungekuwa kukiri kwamba yule mtu wa matope ameona kupitia kwenye michongoma kitu ambacho mimi sikukiona nikiwa naye nyumba moja. Nikachovya mswaki. Nilipaka doa mara mbili, nikaliacha likauke, nikapaka mara ya tatu. Asubuhi yake Baba alikinyanyua kiatu juani, macho yake yale nusu, akakizungusha. "Sawa, baharia," akasema.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Wazee walisimama mstari kwenye uwanja wa shule, na afande kijana amechelewa, kama wanavyochelewa wakubwa. Sisi watu wa nyumbani tulikuwa kwenye viti vya plastiki kivulini. Saa nzima walisimama. Mimi sikutazama bendera wala afande, nilikuwa natazama kiatu cha kushoto cha baba yangu. Mwanzo kilikuwa cheupe kuliko vyote pale uwanjani. Baadaye mshono ukaanza kuwa na rangi. Kisha doa langu likarudi mahali pake, likapanuka, na rangi haikuwa tena ya chai.

Kipenga kikalia. Baba akatoka mstarini, akapiga hatua zake mpaka kwenye mlingoti, na kila alipoukanyaga mguu wa kushoto aliacha alama ya maji maji mavumbini. Wenzake waliiona. Naapa waliiona, maana macho yao yalishuka chini, kisha yakapanda tena yakatazama mbele. Hakutoka hata mmoja. Baba akaivuta kamba, bendera ikapanda, pole pole kama inavyotakiwa, ikafika juu. Akapiga saluti. Alipogeuka kurudi, mguu haukugeuka naye, akaanguka ubavu.

Nilikimbia. Mzee mmoja wa mwisho wa mstari, jasho likimtiririka, akanifokea kwa kunong'ona. "Mama, usivuke mstari!"

Nilivuka. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa.

Hospitalini walikikata kiatu kwa mkasi. Daktari alitoa ile soksi ya kwanza, akatoa ya pili, akawaita wenzake. Mfupa ulikuwa umeshaingiwa. Aliniuliza, si kwa ubaya, nyumbani ni nani alikuwa anamwangalia miguu.

"Mwenyewe," nikasema.

Walimkata chini ya goti kesho yake asubuhi.

Wenzake walikuja siku ya tatu, wanne, na machungwa na kofia nyeupe mpya ndani ya karatasi. Walijipanga kando ya kitanda. Baba alikuwa amelala, dawa zimemlemea. Mmoja akasema amesimama mpaka bendera ikafika juu, na kwamba nchi kavu mtu angelia mama yake. Mwingine akasema huyu ndiye mwanamaji kamili, hadithi yake itasimuliwa. Wakatikisa vichwa, wameridhika, kana kwamba mguu ulikuwa mchango wa chama.

Nikawatolea uvivu. Niliwaambia kwamba waliiona damu na wakatazama mbele. Niliwaambia ni vizee vya ovyo, kwamba jeshi lao liliwafundisha kuona doa kwenye kifungo na kutoliona kwenye mtu, na kwamba wachukue kofia yao wakaivalishe mlingoti. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinuka kusikiliza. Wazee wale walitoka mmoja mmoja, na yule wa mwisho, yule aliyenikataza kuvuka mstari, alilia. Sikumwonea huruma. Kila nililowaambia lilikuwa kweli, na kila lililokuwa kweli kwao lilikuwa kweli kwangu mara mbili, na hilo lilinizidishia hasira.

Tukarudi nyumbani na magongo. Muuguzi alikuwa amenionya: mguu wa kulia sasa ndio uliobaki, unabeba mzigo wa miwili, ukikosa kuangaliwa kila siku utafuata mwenzake. Nilileta beseni. Baba akalipiga teke kwa ule mguu wenyewe, maji yakasambaa sakafuni.

"Wewe hujui miguu," akasema. "Unajua viatu."

Hakuwa na maana yoyote zaidi ya maneno yenyewe, nafikiri. Lakini nilisimama pale na beseni tupu. Siku ya pili alikataa. Siku ya tatu alikataa. Siku ya nne nilipokuwa namtandikia nikaona kwenye shuka, upande wa mguu wa kulia, kidoa cha manjano kama punje ya mtama.

Kule nyuma ya ua kulikuwa kimya tangu siku ya uwanja. Hakuna tusi lililokuja. Baba mwenyewe alijaribu mara mbili: akiwa kwenye kiti chake alipaza sauti, watu wa matope wako wapi leo, na hakujibiwa.

Nilitoka na kuuzunguka ua. Koplo alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua mchicha kwenye ungo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yote yakapotea.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitika. Aliendelea kuchambua. Mtu akikaa na shikamoo yako asiirudishe, unajiona umevuliwa nguo. Baadaye akasema, "Siku ile uliniambiaje?"

"Mzee, nisamehe."

"Sikuulizia msamaha. Nauliza uliniambiaje."

Nikayasema. Yote, mpaka na mbuzi. Mara ya kwanza niliyasema kwa sekunde mbili. Mara hii yalichukua muda mrefu sana. Nikamwambia na la kiatu pia, jambo ambalo hakuuliza, doa na mswaki na mara tatu. Alinisikiliza huku ameshika jani moja.

"Marahaba," akasema. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na tochi na kitambaa safi.

Baba alipomwona mlangoni uso ulimbadilika. "Nani kakuruhusu kupanda chombo changu?"

Koplo, kwa magoti yake mabovu, ilimbidi ajishike ukutani, kwanza goti moja, halafu la pili, mpaka akawa chini kabisa mbele ya kiti, mzee wa watu na kofia yake. Akaniashiria nishike tochi. Kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo miaka yote ya matusi, sauti kavu, ya koplo.

"Mguu."

Baba akageuza uso akatazama ukuta. Kisha mguu ukanyanyuka, kidogo kidogo, ukatua kwenye kiganja cha yule mtu wa nchi kavu. Akavifungua vidole, kimoja kimoja, mimi namulika. Palikuwa na mpasuko mdogo chini ya kidole cha mwisho. Alisema ameuwahi, akasema wa kwenda zahanati leo leo, akaufuta taratibu na kuukausha.

Baba akauliza, bado anautazama ukuta, "Ule mwingine ungeuona?"

"Ningeuona."

"Basi mbona hukuja? Unakaa hapo hapo. Unaniona kila siku. Mbona hukuja?"

Niliishusha tochi, mwanga ukaangukia sakafuni. Koplo hakuniangalia. Aliushika mkono wangu, akaurudisha mahali pake, mwanga ukatulia kwenye vidole.

"Nilitaka kuja," akasema. "Nikachelewa."

"Nilijua!" Baba aligeuka sasa, macho yamewaka, na nilimwona kwa mara ya kwanza tangu hospitali akiwa na uhai wake wote. "Nchi kavu! Siku zote mnafika watu wameshakufa!"

"Ndivyo tulivyo," akasema koplo.

Ni miezi minane sasa. Anakuja kila asubuhi baada ya chai, anashuka kwa kujishika ukutani, anasema "Mguu," na anapewa. Mguu wa kulia mzima. Baba bado anamtukana, na kila mgeni anayekuja anaonyeshwa kwa kidole yule mzee aliye chini sakafuni: huyu hapa, alikuwa na macho, alikuwa na ujuzi, alikaa nyuma ya ua akautazama mguu wangu ukioza, akachelewa. Wageni wanamtazama koplo kwa jicho baya. Wengine wa mtaa wameacha kumwamkia, na yule mteja wangu aliyenipigia makofi ameumeza ulimi wake mrefu. Yeye anaendelea kukausha katikati ya vidole, na mimi nimesimama hapo hapo, namulika tochi.